Kupanga ndoana za kale za Hawaii: anza na kichwa, ukubwa baadaye

Haya, nlisema ntaandika na leo nmepata nafasi. Kila nikitoa zile karatasi zangu za picha za ndoana kuna mtu huniuliza mbona mtu wa Kibokoni hapa Mombasa ahangaike na ndoana za Hawaii, kwani sisi hatuna ndoana? Tunazo yakhe, ila zetu za zamani nyingi ni za chuma na chuma kikikaa kwenye ardhi yetu hii ya chumvi ukikitoa ni donge la kutu tu, lakini za Hawaii ni za mfupa na chaza, zikilala kwenye mchanga mkavu au ndani ya pango zakaa mamia ya miaka na ukizitoa waona mpaka mistari ya tupa aliyosugulia yule fundi.

Halafu kuna sababu nyingine ambayo kwa watu wa pwani hii inashangaza kidogo. Hapa kwetu ukichimba popote, iwe Gede iwe Ngomeni, kitu cha kwanza kukuambia wakati ni vigae. Kirkman, yule mtaalamu wa mambo ya kale, alipokuwa akichimba miaka ile ya 1950 vigae vya China na vya Ghuba ndivyo vilivyomwambia tabaka hili la lini na lile la lini. Sasa Hawaii hawakufinyanga. Hakuna chungu, hakuna mtungi, hakuna sahani ya udongo, walikuwa na vibuyu na mbao na tanuri la kuchimbia chini basi. Kwa hivyo wachimbaji walipotafuta kitu kilicho kingi, kinachobadilika umbo kadri miaka inavyokwenda, wakaangukia kwenye ndoana. Kwa Kihawaii yaitwa makau. Yaani ndoana kule ndiyo kigae chao, ukishaelewa hilo utaelewa mbona watu wazima wanakaa miaka wakihesabu mikato kwenye kichwa cha kitu kikubwa kama ukucha.

Kazi yenyewe ilipangwa vizuri na watu watatu, Kenneth Emory, William Bonk na Yosihiko Sinoto, kitabu chao cha ndoana kilitolewa na Bishop Museum ya Honolulu mwaka 1959 na mpaka leo watu wanakianzia hapo hapo. Sinoto alikuwa Mjapani aliyekuwa safarini kwenda California kusoma, akapitia Hawaii mwaka 1954, Emory akamwita aje kuona uchimbaji wa Ka Lae, ile ncha ya kusini kabisa ya kisiwa kikubwa, na ndo ikawa basi, California hakufika kusoma. Alikaa kwenye visiwa vile mpaka uzee. Bahari ina mambo.

Sasa tuingie kazini. Mie nitaeleza vile ninavyofanya mwenyewe na picha, manake ndoana zenyewe ziko Honolulu mie niko hapa, nachapisha zile kurasa za picha kwa ukubwa wake halisi, nakata moja moja kwa mkasi natandika mkekani. Ukibahatika kushika za kweli utaratibu ni ule ule ila mikono iwe myepesi zaidi.

Kosa langu la kwanza nlipoanza, na naona kila mtu analifanya, nlizipanga kwa ukubwa. Kubwa huku, za kati hapa, ndogo kule, kama zilivyo dukani kwa yule mzee wa vifaa vya uvuvi ambapo namba kubwa ni ndoana ndogo na namba ndogo ni ndoana kubwa. Nkamaliza siku nzima nkaona nimetengeneza kitu kizuri kumbe sijapanga chochote, kwasababu ukubwa wakwambia mdomo wa samaki tu. Ndoana ndogo ya mwaka 1300 na ndoana ndogo ya mwaka 1700 zote zitakaa chungu kimoja na wewe utakuwa hujui lolote.

Kwa hivyo kabla ya kupanga, gawa kwanza nzima na zilizovunjika. Nzima zitakuwa chache, usishangae, ndoana iliyo nzima mwenyewe haiachi chini. Zinazopatikana ni zilizovunjika, zilizopotea, na zilizoharibika zikitengenezwa. Usizioshe kwa brashi ngumu, mfupa uliozeeka hukwaruzika halafu utasoma alama zako ukidhani ni za fundi. Na kila kipande kikae na karatasi yake, shimo gani, kina kipi, tabaka gani, kwa penseli si kalamu ya wino maana wino na unyevu wetu huu mwaka mmoja tu waona doa la buluu. Kingine, uliza walichekecha kwa chekeche gani. Chekeche la tundu la milimita 6 lapitisha ndoana ndogo zote na vichwa vilivyovunjika, la milimita 3 lashika zaidi. Ukilinganisha sehemu mbili, moja walitumia hili na nyingine lile, utasema "aa hawa walivua samaki wakubwa" kumbe wadogo wamepita na mchanga.

Majina ya viungo tukubaliane tusije tukagombana mbele. Kuna mguu wa mshipi, ule mrefu unaofungiwa kamba. Juu yake kuna kichwa, pale kamba inaposhika. Chini kuna kikombo, pale inapopinda. Halafu kuna mguu wa ncha, na ncha yenyewe. Baadhi zina kigumba, lile jino dogo la kumzuia samaki asichomoke, laweza kuwa upande wa ndani au upande wa nje, andika ni upande gani usiandike tu "lipo".

Kisha tazama imetengenezwa kwa nini. Mfupa ndio mwingi. Chaza pia, lakini chaza wa Hawaii ni mdogo akilinganishwa na wale wakubwa wa visiwa vya kusini walikotoka mababu zao, kwa hivyo walipofika ilibidi wageukie mfupa zaidi. Gamba la kasa lipo, jino la mbwa lipo, jino la nyangumi, na mbao kwa zile ndoana kubwa za papa ambazo mwili ni mti na ncha ni mfupa. Chaza utamjua kwa ule mng'aro na matabaka, gamba la kasa lina wekundu wa chai ukiliangalia juani, mfupa wa ndege ni mwembamba na uwazi ndani.

Mfupa mkubwa sasa, hapa tusimame kidogo. Hawaii mnyama wa nchi kavu wa asili alikuwa popo peke yake. Nguruwe na mbwa waliletwa na watu kwenye mitumbwi. Kwa hivyo ukitaka mfupa mrefu, mnene, ulionyooka, wa kutoa ndoana kubwa ya kipande kimoja, hukuwa na ng'ombe wala ngamia, ulikuwa na mfupa wa paja la mtu. Na walitumia, na walijua maana yake, ndiyo maana mifupa ya machifu ilikuwa ikifichwa kwa siri ili adui asije akaichonga ndoana, ilikuwa dharau kubwa mno kwa marehemu. Hivyo mtu akishika ndoana kubwa nene ya mfupa asiivalishe uzi shingoni kupiga picha wallahi. Marekani ina sheria tangu 1990 kuhusu mabaki ya wenyeji wa asili na vitu vyao, Wahawaii wamo ndani yake, na jambo hilo huamuliwa na wenyewe si wewe mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene. Andika "mfupa wa mamalia mkubwa", mwite mjuzi wa mifupa, na wenyeji waambiwe mapema.

Sasa mafungu makubwa, ni matatu tu. La kwanza ndoana ya kipande kimoja, imechongwa yote kwa mfupa mmoja. La pili ya vipande viwili, mguu wa mshipi peke yake na mguu wa ncha peke yake, vimefungwa pamoja pale chini. La tatu ni za kuunganisha, vitu vya aina mbalimbali vimewekwa pamoja, kwa mfano ile ya kurambaza jodari wadogo yenye mwili wa chaza unaong'aa majini kama dagaa na ncha ya mfupa nyuma yake, au ile ya pweza. Ya pweza mie naipenda sana, kauri kubwa juu, jiwe la uzito chini, kijiti katikati na ncha ya mfupa mwishoni, inashushwa inachezeshwa chini, pweza anaona kauri anakuja kuikumbatia, basi kwisha. Mama zetu kule Mtongwe na kijiti chao wakati wa bamvua wangeielewa bila kuelezwa. Tatizo la fungu hili la tatu ni kwamba kamba na kijiti vimeoza, wewe utapata kauri yenye tundu huku, jiwe lenye mfuo kule, na ncha kwingine, wala hukuwaza ni kitu kimoja. Kwa hivyo ukiona ncha ya mfupa ina tundu au mikato kwenye kitako chake na haina mguu, usiitupe kwenye chungu cha "ncha zilizovunjika", huenda haikuvunjika, iliumbwa hivyo. Angalia kitako, kimesuguliwa au kimevunjika? Ukipitisha kucha utajua.

Za kipande kimoja wanazigawa mara mbili tena, za kuchoma na za kuzunguka. Kujua ni ipi, fanya hivi: weka ndoana kwenye karatasi, chora muhtasari wake, kisha toa mstari kutoka kwenye ncha kuelekea kule ncha inakoangalia. Mstari ukipanda juu sambamba na mguu wa mshipi bila kuugusa, hiyo ni ya kuchoma. Mstari ukienda kuugonga mguu wa mshipi, ama kwasababu ncha imepinda kwa ndani ama kwasababu mguu wenyewe umepindia ncha, hiyo ya kuzunguka.

Tofauti yake mvuvi yeyote ataikubali. Ya kuchoma wataka mkono macho, ukisikia tu anadonoa unavuta kwa ghafla. Ya kuzunguka ukivuta ghafla umeikosa, hiyo unaacha mshipi ukaze, samaki anageuka kwenda zake na ndoana inajizungusha yenyewe ikamshika pembeni mwa mdomo, yafaa maji ya kina kirefu ambako huwezi kusikia kila mdonoo. Hizi ndoana za duara wanazotumia meli za jodari siku hizi ni fikra ile ile. Na tena mfupa si chuma, ukipigwa mshtuko wavunjika pale kikomboni, umbo la kuzunguka lapunguza ule mshtuko. Nlimuonyesha picha jirani yangu mmoja mzee aliyevua changu na tewa maisha yake yote, akaitazama ile iliyojikunja akacheka, akasema hii ya mtu mvivu, unafunga kwenye kidole cha mguu unalala, samaki anakuamsha.

Kwa hivyo kikombo kinakwambia habari ya samaki na maji. Lakini kichwa kinakwambia habari ya mtu, na hapa ndipo nataka ukae sana. Samaki hajali kamba imefungwaje juu, ikishika imeshika. Kuna njia kumi za kufanya kamba isiteleze kwenye mfupa na zote zafanya kazi, sasa mtu anachagua ipi? Anachagua aliyofundishwa na baba yake. Ndo maana vichwa vinabadilika kwa mahali na kwa zama wakati kikombo kinaweza kubaki vile vile. Yule jirani hata leo ukimpa mshipi uliookotwa ufukweni atakwambia fundo hili ni la watu wa Lamu au hili la Mpemba, ndoana yenyewe hata haitazami, imetoka kiwandani.

Basi chukua kila kichwa ukitazame kwa lenzi. Kimechongwa kinundu, yaani kimeachwa donge juu kamba ikae chini yake? Kimekatwa mikato, mmoja au miwili, upande wa nje tu au pande zote mbili? Kuna mfuo uliozunguka? Kichwa kimelala kwa ndani au kimesimama? Chora kila kimoja, usitegemee simu peke yake, mkono unapochora jicho linaona vitu ambavyo kamera imevipitia. Na chora pande mbili, mbele na ubavuni.

Kwa za vipande viwili hali ni hiyo hiyo, ila unaangalia chini, kwenye kitako pale vilipofungwa pamoja. Kuna vitako vyenye mikato ya kamba na kuna vyenye kinundu. Hii ndo habari iliyompa Sinoto jina. Kule Ka Lae kuna sehemu tatu, tuta la mchanga la Puʻu Aliʻi na mapango mawili, Waiʻahukini na Makalei, na alipozipanga akaona kwenye matabaka ya zamani vitako vya mikato ndivyo vingi, ukipanda juu kuja zama za karibu vya kinundu vinachukua nafasi mpaka vinatawala. Kwa hivyo mtu akiwa na kapu la ndoana zisizo na tarehe anaweza kuhesabu vya mikato ni vingapi kwa mia na vya kinundu vingapi, akajua kapu hili laelekea kwa wazee au kwa vijana. Hesabu ya kapu zima lakini, si ya ndoana moja. Ndoana moja ya mikato inaweza kuwa ya babu mbishi aliyekataa mambo mapya, wapo kila mji.

Miguu ya ndoana hizi kwa kuwa inavunjika na kutenganishwa inaleta ugomvi wa kuhesabu. Ukiwa na vichwa 20 na ncha 30 usiseme nna ndoana 50. Ndoana moja ya kipande kimoja ikivunjika yakupa kichwa huku na ncha kule. Mie nahesabu vichwa peke yake kwa ndoana za kipande kimoja, na kwa za vipande viwili nahesabu miguu ya mshipi peke yake na miguu ya ncha peke yake, nachukua ile iliyo nyingi zaidi. Si kamili, lakini afadhali uhesabu pungufu kuliko kuhesabu ndoana moja mara mbili halafu ukatangaza mji ulikuwa na wavuvi wengi.

Vipimo fanya haraka usikwame hapo: urefu wa mguu wa mshipi, urefu wa mguu wa ncha, upana, unene wa kikombo. Kwa milimita, kwa kalipa, na kilichovunjika usikikisie, acha wazi.

Za ambazo hazikumalizwa ziwekee trei lake. Fundi alianza na kibao cha mfupa, akakitoboa katikati kwa keekee, tundu moja au matundu kadhaa, kisha akalipanua kwa tupa mpaka umbo likatoka, kichwa na ncha akavimalizia mwisho. Tupa zenyewe zilikuwa vipande vya matumbawe, na vile vijiti vinene vya miiba ya yule mdudu wa baharini anayefanana na nungu, zinapatikana tele kwenye mashimo haya haya. Sasa kilichovunjika kabla ya kichwa kuchongwa ukikitia kwenye fungu la "kichwa kisicho na mkato" umejidanganya, hakikuwahi kuwa na kichwa. Dalili ni mistari mikali ya tupa ambayo haijasuguliwa laini na kingo bado pembe pembe.

Kuhusu tarehe. Mwaka 1950 Emory alichimba pango la Kuliʻouʻou kisiwani Oʻahu, akapeleka mkaa kwa Libby kule Chicago, yule mwanasayansi aliyeanzisha kupima umri wa vitu kwa kaboni, wakarudishiwa mwaka 1004 hivi, ongeza au punguza 180, na ndiyo ilikuwa tarehe ya kwanza ya namna hiyo kwa visiwa vya Polynesia. Watu wakapata wazimu wa kuchimba. Baadaye zikaja tarehe za kale mno ambazo hazikusimama, mojawapo ya sababu ni kwamba mkaa wa mti mzee wapima umri wa mti si umri wa moto, na siku hizi wengi wanaweka watu wa kwanza kufika Hawaii kati ya miaka ya 1000 na 1200. Kwa hivyo ukisoma maandishi ya zamani mpangilio wa ndoana, ipi kabla ya ipi, chukua, ila miaka yenyewe iliyoandikwa pembeni ihakiki na vipimo vya karibuni.

Na ukikuta ya chuma katika tabaka la juu usiseme imeanguka juzi. Kapteni Cook, yule Mwingereza, alipofika mwaka 1778 watu walitaka misumari kuliko shanga, na msumari ulikunjwa ukawa ndoana ya umbo la mfupa. Ipange na wenzake kwa umbo, kwenye safu ya kitu iliyotengenezwa nacho andika chuma.

Ukimaliza, changanya zote tena mpe mtu mwingine azipange kwa maelezo yako uliyoyaandika, asione majibu yako. Mie nlimpa mtoto wa dada yangu wa form three. Tukalingana kwenye kikombo karibu zote, kwenye vichwa tukaachana vibaya, alikuwa anaita kinundu kila kitu kilichovimba kidogo. Nkataka kumkosoa halafu nkasoma nlichoandika, "kinundu ni uvimbe juu ya kichwa", sasa mtoto kakosea nini hapo. Nkaandika upya, kinundu ni uvimbe ambao kamba inakaa chini yake na haiwezi kupanda juu, tukazirudisha zote mkekani tukaanza kutoka ya kwanza.